Akedi au Simuleta? Tuanze na Kona Moja

Mwaka wa pili, wiki ileile bumu lilipoingia, nilinunua usukani wa gemu wa mtumba pamoja na pedeli zake mbili. Muuzaji aliniambia kuwa anayecheza gemu za magari kwa kibodi hachezi, anabonyeza tu. Maneno yakanichoma, nikatoa hela. Kufika hosteli, vibano vya usukani havikuenea kwenye ubao wa meza yetu. Nikaufunga kwenye kiti cha plastiki. Kila nilipokanyaga breki, pedeli zilikimbia kwenye vigae, ikabidi nizizuie kwa ndoo ya maji. Mwezi huo nilikula wali maharage mpaka rumeti wangu akaanza kunihurumia, na baada ya wiki tano nikauuza ule usukani kwa nusu ya bei.

Mnaruhusiwa kucheka. Ila kosa langu halikuwa kupenda gemu. Nilichagua aina kabla ya kujua tofauti iko wapi. Akedi ni zile zenye asili ya mashine za kutumbukiza sarafu. Simuleta ni zile zinazojaribu kuiga gari halisi. Wengi hudhani tofauti ni picha, kwamba simuleta ni nzuri zaidi machoni. Si kweli. Tofauti inaonekana kwenye kona, hasa pale unapokosea.

Chukua kona moja kali ya kulia. Unaikaribia kwa kilomita 180 kwa saa.

Kwenye akedi kama Ridge Racer ya Namco, iliyotoka 1993, unaachia mafuta kidogo, unakata usukani, gari linaserereka kiubavu, kisha linatokea upande wa pili likiwa na kasi karibu ileile. Ukigusa ukuta unapoteza sekunde moja mbili, maisha yanaendelea. Akedi nyingi zina na mkono wa siri: ukiachwa sana, wapinzani wanapunguza mwendo, ukitangulia sana, wanakuwa wakali ghafla. Ndiyo maana mbio huwa za kubanana mpaka mwisho.

Kwenye simuleta, kona ileile ni hesabu. Tairi lina mshiko wenye kikomo. Ufikirie kama bumu: ni lilelile moja, na matumizi ni mawili, kupunguza mwendo na kukata kona. Ukilimaliza lote kwenye breki, unazungusha usukani mpaka mwisho na gari linakwenda moja kwa moja kwenye mchanga. Kwa hiyo unafunga breki kwa nguvu ukiwa bado umenyooka, halafu unaachia mguu taratibu huku ukiongeza usukani. Kile unachookoa kwenye breki ndicho unachokihamishia kwenye kona.

Bado kuna uzito. Dereva wa daladala akifunga breki, si mnajua abiria wote mnakwenda mbele? Gari zima linafanya hivyohivyo. Matairi ya mbele yanakandamizwa na kushika zaidi, ya nyuma yanabaki mepesi. Sasa ukiwa katikati ya kona, ukishtuka na kuondoa mguu wote kwenye mafuta, uzito unakwenda mbele, nyuma inapoteza mshiko, na mkia unakuzunguka. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, maana silika inakwambia uachie. Simuleta haikuhurumii. Mizunguko tisa mizuri inaweza kufutwa na mguu mmoja wenye woga.

Sasa rudi kwenye kibodi ya laptopu yako. Kitufe hakina nusu. Ni breki yote au hakuna breki, usukani wote au hakuna. Lile somo zima la kuachia mguu taratibu halifanyiki hapo, isipokuwa gemu yenyewe ikusaidie, na hapo unacheza nusu, nusu nyingine inacheza kompyuta. Kwa kibodi, kiukweli, cheza akedi na usione haya. Padi ina vitufe vya nyuma vinavyokubali kubonyezwa kidogo kidogo, kwa hiyo inakufikisha mbali: Gran Turismo, Forza, hata EA Sports WRC ya 2023, ambayo ina hatua za Safari Rally ya Kenya na vumbi lake. iRacing ni habari nyingine. Unalipia uanachama, unacheza mtandaoni, na bila usukani utateseka. Piga hesabu ya bando kwanza.

Upole wa akedi una sababu yake. Mashine kama OutRun ya Sega ya 1986 ilikuwa na dakika chache tu za kukufurahisha ili utumbukize sarafu nyingine. Waliokulia kwenye vibanda vya gemu vya mtaani wanaijua biashara hii. Umelipia muda, nyuma yako kuna foleni, nani ataumaliza akijifunza kufunga breki? Gran Turismo ya 1997, kwa upande wake, ilikutaka upate leseni kabla ya kuingia mashindano mengi. Hata hivyo ilikuwa na sehemu ya akedi pia, na Gran Turismo 2 ya 1999 ilitoka na diski mbili, moja ya akedi, moja ya simuleta. Watengenezaji wenyewe hawakuona aibu kuziweka kwenye boksi moja.

Watu wa simuleta watakutajia Jann Mardenborough, aliyeshinda GT Academy mwaka 2011 kwa kuanzia kwenye gemu, na mwaka 2013 akamaliza wa tatu katika daraja lake kwenye Saa 24 za Le Mans. Ni kweli, na filamu yake ya 2023 wengi tumeiona. Lakini shindano lile liliundwa makusudi kutafuta dereva, na baada ya gemu yalifuata mafunzo kwenye magari halisi. Wewe una mtihani wiki ya kumi na tano. Tena simuleta inafundisha mbio, haifundishi barabara zetu. Sijaona hata moja yenye bodaboda anayekupita kushoto amebeba godoro.

Ukiwa na dakika ishirini kati ya vipindi, au mko wengi chumbani, akedi. Ukiwa peke yako, jioni nzima ni yako, na unapenda kurudia kitu kimoja mpaka kikae, basi simuleta itakulipa.

Usukani wangu uko chumba cha jirani. Aliyeununua ana meza ya chuma na subira. Ijumaa iliyopita tulimsikia akirudia kona moja karibu nusu saa, breki, mlio wa tairi, kimya, anaanza upya. Kwetu tulikuwa wanne kwa padi mbili, anayefungwa anampisha mwenzake.