SOMO LA KIKUNDI: MTOTO AKIULIZA TULIKOTOKA

Katika mkutano mmoja mama fulani alitueleza kwamba mwanawe anataja tarehe za vita vya Ulaya bila kukosea. Lakini alipomwuliza watumwa wa pwani yetu walikuwa kina nani, mtoto kimya. Na sisi wazazi pia, kimya.

Basi fungueni Kumbukumbu la Torati 6:20-21. Mtoto anauliza maana ya amri za Mungu, na mzazi haanzi kwa kufafanua sheria. Anaanza na habari za kwao: tulikuwa watumwa kule Misri. Aibu ya utumwa haikufichwa mtoto.

Hatusemi mtoto atolewe shule, maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka awe huko. Tunasema tu kwamba jioni, chakula kikiwa bado motoni, nafasi ipo.

Sisi tulianza na kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa 1934. Kinasimulia watu waliokamatwa bara, wakatembezwa hadi pwani, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa na manowari za Waingereza. Babake mwandishi alikuwa mmoja wao. Wengi waliletwa Freretown, karibu na Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamishenari wa CMS mwaka wa 1875. Kengele yao ya kuwaonya watu hatari ikija ndiyo iliyopatia mahali pale jina la Kengeleni. Watoto wetu wamepita hapo kwa matatu mara nyingi, wasijue!

Tunasoma kurasa tatu au nne, tunafunga kitabu, halafu mtoto anasimulia kwa maneno yake. Akikosea tunamwacha amalize kwanza. Tena tunafunga mafundo kwenye kamba: 1873, soko la watumwa Unguja lilipofungwa, 1875, Freretown, 1963, Uhuru, halafu mwaka aliozaliwa nyanya. Siku ile fundo la nyanya lilipofungwa, watoto walishangaa kuona lilivyo karibu na yale mengine.

Lakini tuwe waangalifu. Mbotela aliwasifu Waingereza mno, na si ajabu, maana bila manowari yao babake hangekuwa huru. Sasa ongeza mafundo mawili. Mwaka wa 1895 Waingereza walitangaza himaya yao hapa, na utumwa ukaendelea kukubaliwa kisheria pwani hadi 1907. Miaka 12 chini ya bendera ileile! Kijana mmoja alituuliza, "Kwa hivyo kitabu kinadanganya?" Tulimjibu kwamba mtu anaweza kushukuru kwa kweli na bado asiseme yote. Wamishenari nao wasomwe hivyohivyo, bila kuwafanya malaika.

Kwa wadogo, someni Mwanzo 37 kwanza. Yusufu aliuzwa na ndugu zake mwenyewe, na hilo litawasaidia kuelewa kwa nini baadhi ya Waafrika waliwauza wenzao. Swali hilo litakuja tu, msilikwepe.

Kabla ya mkutano ujao, kila nyumba imtembelee mzee mmoja. Mtoto aulize: Babu, wazazi wako walifikaje hapa? Nani aliwapa shamba? Ni jambo gani hawakupenda kulizungumza? Aandike majibu kwenye daftari, pamoja na jina la mzee na tarehe. Mzee akikataa kujibu, msimshurutishe. Mpelekeeni sukari, mrudi siku nyingine.