UUGUZI AO LUGHA?

Wenzetu wengi wa mwaka wa mwisho wanauliza: nikipata diploma ya Taifa, nisomee uuguzi ao lugha? Kule Bukavu milango ni miwili: ISTM inafundisha uuguzi, ISP inafundisha lugha. Lakini mbele ya mgonjwa mambo haya hayaachani. Tuone sababu tatu.

1. KUSIKIA. Mama akisema "moyo unanichafuka", anataka kutapika. Mwenye kutafsiri neno kwa neno kwa Kifaransa ataandika ugonjwa wa moyo, na dawa itapotea njia.

2. KUELEZA. Kipindupindu tunakijua huku Fizi. Pakiti moja ya kawaida ya ORS inataka lita moja ya maji safi. Mzazi asiyeelewa akitia maji kidogo, chumvi inazidi na mtoto anaumia.

3. KUHESHIMU. Kambi ya Lusenda, jirani yetu, ilipokea wakimbizi Warundi tangu 2015. Kituo kimoja cha afya kinaweza kusikia Kibembe, Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili asubuhi moja tu. Tena mzee hatataja ugonjwa wa siri kama anayemtafsiria ni mjukuu wake.

Basi, ukichagua uuguzi, usitupe madaftari ya Kifaransa na Kiingereza. Na lugha ya jirani uianze sasa, pale uwanjani, haina minerval.

MAULIZO: Mgonjwa wako wa kwanza atasema lugha gani? Utamsalimia namna gani?