Dondoo muhimu: Kuwekeza kwa miaka mingi

• Kabla ya kununua hisa, weka benki akiba ya dharura ya matumizi ya miezi 3 hadi 6.

• Ada ya shule ya mwakani isiingie kwenye hisa. Fedha ya uzeeni inaweza kukaa kwenye hatifungani za serikali za miaka 20 au 25.

• Benki za CRDB na NMB ni kampuni mbili, sekta moja. Changanya na hisa za saruji, bia au vipande vya mifuko ya pamoja ya UTT AMIS.

• Nunua kwa kiasi kilekile cha fedha kila mwezi. Bei ikishuka, utapata hisa au vipande vingi zaidi.

• Gawio lisiliwe. Linunue hisa nyingine.

• Kila mwaka pima uwiano: kilichovimba kipunguze, kilichopungua kiongeze.

• Riba ya asilimia 10, mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4, faida halisi ni takriban asilimia 6.