Faida Ipo, Lakini Pesa Ziko Wapi?

Tuseme una duka la vifaa vya matibabu pale Kaloleni, karibu na Barabara ya Jogoo. Unauza mashine za kupima presha, za kupima sukari, na stripu zake. Kitabu kinaonyesha umepata faida mwezi huu. Halafu mama mmoja mwenye kisukari anaingia kutafuta stripu, na inabidi umwambie, "Pole mama, zimeisha, rudi wiki ijayo." Huna pesa za kuongeza stoki. Sasa ile faida ilienda wapi?

Haijapotea. Iko kwa watu. Ndiyo maana leo hatuhesabu shilingi peke yake, tunahesabu na siku.

Chukua mfano huu, bei ni za kukadiria tu. Umechukua mashine 10 za presha kwa Sh2,500 kila moja, jumla Sh25,000. Unaziuzia kliniki za Makongeni na Mbotela kwa Sh3,200 kila moja, jumla Sh32,000. Faida ni Sh7,000.

Sasa tuhesabu siku:

- Mzigo unakaa dukani: siku 20
- Kliniki zinakaa na deni lako: siku 40
- Msambazaji anakungoja umlipe: siku 15

20 + 40 − 15 = siku 45.

Hizo siku 45 ni pesa zako mwenyewe zimefungwa nje. Kwa miezi mitatu, yaani siku 90, mtaji wako unazunguka mara 2 tu: faida Sh14,000. Kliniki zikilipa kwa siku 25 badala ya 40, pengo linashuka hadi siku 30. Mtaji unazunguka mara 3, na kama wateja wapo, faida ni Sh21,000. Bei hujapandisha hata shilingi moja.

Ufanye nini?

1. Omba dipositi. Kliniki nyingi nazo zinangoja pesa za bima, kwa hivyo usigombane nao. Kubalianeni walipe nusu mzigo ukifika, na tarehe ya salio iandikwe kwa invoisi.

2. Nunua kidogo kidogo. Stripu zina tarehe ya kuharibika. Katoni iliyolala kwa rafu ni pesa imelala.

3. Ongea na msambazaji mapema. Ukimlipa kwa wakati mara kadhaa, ni rahisi kumwomba siku 15 ziwe 20.

4. Tenganisha pesa. Malipo ya duka yaingie kwa Till, ya nyumbani yabaki kwa simu yako. Ukichanganya, hutajua nani amelipa na nani bado.

Tahadhari: usikimbilie mkopo wa simu kuziba pengo la siku 45. Ada yake inatoka kwa ile Sh7,000 yako.

Jioni ya leo ukifunga duka, fungua taarifa ya Till yako na uandike kila mteja alichukua siku ngapi kulipa. Anayechelewa zaidi, mpigie simu wa kwanza kesho asubuhi.