Kupokezana Umeme Siku za Joto

Tarehe 14 Agosti 2020, huko California, Marekani, joto lilizidi, umeme haukutosha, na nyumba nyingi zikakatiwa. Je, yawezekana kuepuka shida kama hiyo? Naam. Mwenye nyumba apendaye hujiandikisha kwa kampuni ya umeme, nayo hufunga swichi katika mashine yake ya kupoza hewa. Jioni, matumizi yanapozidi, kampuni huizima kompresa, ndiyo ilayo umeme mwingi, mathalani dakika 15 katika kila nusu saa. Feni huendelea kuvuma. Nyumba hizi zikipumzika, nyingine hupoa, kisha hupokezana. Mwenyewe hupunguziwa malipo. Lakini mwenye mgonjwa au mzee nyumbani na afikiri kwanza. Msomaji, kidole kimoja hakivunji chawa.