Mkono wa Chini wa Gari Lililoinuliwa: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mlaji

Wamiliki wengi wa magari madogo huyainua kwa kuweka spesa kwenye springi ili yahimili barabara zenye mashimo. Wengine huyashusha kwa springi fupi kwa ajili ya mwonekano. Mabadiliko hayo hayaishii kwenye springi. Huufikia pia mkono wa chini wa gurudumu la mbele, ambao mafundi huuita kontroli amu, na kuuchakaza kabla ya wakati wake.

Kazi ya mkono wa chini

Mkono huu huunganisha gurudumu na fremu ya gari. Upande wa fremu hushikwa na bushi za mpira, na upande wa gurudumu hushikwa na bolijointi. Gari likiinuliwa, mkono hukaa kwa mwinamo usiokusudiwa na mtengenezaji. Bushi hubaki zimejipinda hata gari likiwa limesimama, na bolijointi hufanya kazi karibu na ukomo wake. Bolijointi ikichomoka safarini, gurudumu hulala na dereva hupoteza uwezo wa kuliongoza gari.

Dalili za uchakavu

Dalili zake ni sauti ya kugonga gari lipitapo kwenye tuta, usukani kuvuta upande mmoja hasa wakati wa kufunga breki, na tairi kulika upande mmoja.

Wakati wa kununua

Nenda dukani na namba ya chesisi, kwa kuwa magari yenye jina moja hutofautiana vipuri. Mkono uliokwisha kutumika una mpira usiojulikana umri wake, na huenda ulipinda katika ajali bila kuonekana kwa macho. Usikubali mkono uliochomelewa. Ni busara kubadilisha pande zote mbili kwa pamoja. Dai risiti ya EFD inayotaja kipuri, pamoja na masharti ya dhamana kwa maandishi.

Wakati wa kufunga

Hapa ndipo fedha za mlaji hupotea kwa urahisi. Bushi ya kawaida ya mpira haizunguki. Hujipinda na kurejea. Fundi akikaza bolti za bushi huku magurudumu yananing'inia, mpira hushikwa katika hali hiyo. Gari likishushwa, hubaki umepindwa muda wote na huchanika mapema, hata kama kipuri ni halisi. Utaratibu ulio sahihi ni huu:

1. Gari liwekwe juu ya stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.
2. Bolti za bushi zishikizwe tu, bila kukazwa kabisa.
3. Uzito wa gari urejeshwe kwenye magurudumu.
4. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha mtengenezaji.
5. Gari lifanyiwe wili alaimenti, nawe upewe vipimo vyake.

Kwa gari lililoinuliwa, kimo cha kukazia ni kile ambacho gari husimama sasa, si kile cha kiwandani. Ukiondoa spesa baadaye, bolti hizo zilegezwe na kukazwa upya. Fahamu pia kuwa mkono mpya haurekebishi mwinamo uliosababishwa na spesa. Spesa ikiwa nene kupita kiasi, mkono mpya nao utachakaa vivyo hivyo.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia. Ukishuku udanganyifu, tunza kipuri, kifungashio na risiti, kisha uwasilishe malalamiko Tume ya Ushindani.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa

- Je, bolti za bushi zilikazwa gari likiwa limebeba uzito wake?
- Je, nati na pini za kufungia ni mpya?
- Vipuri vya zamani viko wapi?
- Vipimo vya wili alaimenti viko wapi?