SOMO: WASANII NA WAANDISHI MBELE YA MASHINI



Mwaka jana profesa wetu wa Kifaransa alitupa interogasio: tueleze romantizimu, realizimu, naturalizimu na impresionizimu. Mimi nilikuwa nimeshika maana zote kwa kichwa, neno kwa neno, sawa vile zilivyoandikwa katika daftari. Nilipata 3 juu ya 10. Nikamfuata nje ya darasa kumwuliza sababu. Akanijibu: "Umeshika majina, lakini haujui yale majina yanajibu swali gani." Neno lile lilinikaa rohoni. Na juu wengi wetu tunangojea mtihani wa Serikali, leo ninataka kueleza swali lile.

1. Swali lenyewe

Katika mwaka wa 1769 James Watt, mtu wa Scotland, alipata hati ya Serikali kwa mashini yake ya mvuke iliyokuwa bora kuliko za mbele. Kidogo kidogo kazi ya watu ikageuka. Zamani mfumaji alifuma nguo nyumbani kwake, pamoja na watoto wake. Sasa alipashwa kwenda kiwandani, kuingia kwa kengele na kutoka kwa kengele. Mwaka wa 1830 gari la moshi likaanza kubeba watu kati ya Liverpool na Manchester. Miji ikajaa watu, moshi na masizi. Mambo yale yalianza Uingereza, kisha yakafika Ufaransa na nchi zingine za Ulaya.

Hapo ndipo swali linatoka: mbele ya mashini, mtu ni nini, na tumwangalie namna gani? Mkiweka swali hilo mbele yenu, yale majina mane hayatawasumbua tena.

2. Romantizimu: moyo unajibu

Waromantiki walisema: mtu si kipande cha mashini, mtu ana moyo. Katika 1798 Waingereza wawili, Wordsworth na Coleridge, walitoa kitabu cha mashairi. Humo Wordsworth alitaka kusema kwa lugha ya watu wa kawaida, juu ya milima, mito na watoto. Katika 1844, akiwa mzee, alipinga njia ya reli iliyotakiwa kufika kwenye milima ya kwao. Ufaransa, Victor Hugo alivunja sheria za zamani za tamthilia. Siku ya kwanza ya Hernani, katika 1830, watazamaji walipigizana kelele ndani ya ukumbi.

Lakini msidhani walikuwa paka watu wa kulilia maua. Mary Shelley alianza kuandika Frankenstein katika 1816, akiwa na miaka 18, sawa mimi leo. Kitabu kilitoka katika 1818. Ni hadithi ya mwanafunzi wa sayansi anayetengeneza kiumbe, kisha anakiogopa na kukikimbia. Anayetengeneza kitu na kukikimbia, nani atajibu kwa ajili ya kile kitu? Swali hilo linafaa hata kwa viwanda.

3. Realizimu: macho hayakimbii

Katika 1848 watu wa Paris walimwondoa mfalme, na wafanyakazi wakadai kazi. Mwaka uliofuata, mchoraji Gustave Courbet aliona watu wawili kando ya barabara, karibu na Ornans, mji wa kwao. Walikuwa wakivunja mawe ya kutengeneza njia. Akawaita waje kwake, akawachora: mzee mmoja amepiga goti na kuinua nyundo, kijana mmoja amebeba kikapu cha mawe. Nguo zao zimepasuka. Nyuso zao hazionekani vizuri.

Picha ilikuwa na upana wa zaidi ya metre 2 na nusu. Wakati ule, ukubwa ule ulikuwa fasi ya wafalme, vita na hadithi za Biblia. Courbet akaupa wavunja mawe. Wengi walichukizwa. Hakuandika matusi juu ya matajiri, hakuongeza machozi. Aliweka tu mfanyakazi pale ambapo zamani mfalme alikaa. Hiyo ndiyo realizimu.

Uingereza, Charles Dickens alijua mambo hayo kwa mwili wake. Katika 1824, akiwa na miaka 12, alitumika katika kiwanda cha dawa ya viatu, na baba yake alikuwa gerezani juu ya madeni. Ndiyo maana watoto wa vitabu vyake wana njaa ya kweli.

Hapa niseme jambo langu. Profesa alipotuonyesha picha ya Courbet kitabuni, mimi nilinyamaza. Mama yangu anavunja mawe. Anaketi kando ya barabara chini ya bashi, anayauza kwa wajengaji, na minervali yangu inatoka mle. Muda wa miaka miwili, nikiwa na wenzangu, nilikuwa nikipita njia nyingine ili wasimwone. Kumbe mtu mmoja wa Ulaya aliona kazi ile inastahili picha kubwa kuliko mlango, na mimi mwana nilikuwa nikiikimbia.

4. Naturalizimu: kutafuta sababu

Wengi wanachanganya naturalizimu na realizimu. Realizimu inaonyesha jambo. Naturalizimu inauliza tena: limetoka wapi? Émile Zola alitaka kufanya sawa mganga anayechunguza ugonjwa: damu ya wazazi, fasi mtu anakaa, na wakati wake.

Katika Februari 1884 wachimba makaa ya mawe wa Anzin, kaskazini ya Ufaransa, walikuwa wamegoma. Zola hakubaki mezani kwake Paris. Alikwenda kule, akaingia katika nyumba zao, akashuka shimoni, akaandika yote katika karatasi zake. Mwaka wa 1885 kitabu Germinal kikatoka. Ndani yake Étienne, kijana asiye na kazi, anafika kwenye shimo usiku. Catherine, msichana wa miaka 15, anasukuma magari ya makaa chini ya udongo. Kuna farasi aliyekaa chini miaka mingi bila kuona jua. Kampuni inageuza namna ya kulipa, mshahara unapungua, watu wanagoma, njaa inaingia, askari wanapiga risasi.

Zola alizikwa Paris katika 1902. Wachimba makaa walifuata jeneza wakiita: "Germinal! Germinal!" Walijua kwamba mtu huyu aliwaangalia.

Naturalizimu ina kosa lake pia: mara zingine mtu anaonekana amefungwa na damu na fasi yake, sawa hana uchaguzi. Hapo tunaweza kubishana na Zola.

5. Impresionizimu: mwanga wa siku moja

Tangu 1839 fotografi ilijulikana, na watu waliuliza: mchoraji anafaa nini tena? Katika 1841 John Goffe Rand, Mmarekani, alivumbua mirija ya bati ya kuweka rangi, sawa ile ya dawa ya meno. Sasa mchoraji aliweza kupanda treni na kuchora nje. Katika Aprili 1874 Monet na wenzake walionyesha picha zao Paris. Picha moja ya Monet iliitwa "impression", na mwandishi mmoja wa gazeti akawacheka kwa jina hilo. Jina likabaki. Katika 1877 Monet alionyesha picha za stesheni Saint-Lazare: moshi wa treni umekuwa buluu na mwanga. Jibu lake: hata katika moshi, jicho linaweza kuona uzuri.

6. Kumaliza

Basi shikeni hivi: mromantiki anauliza moyo unasema nini, mrealisti, kuna nini mbele yangu, mnaturalisti, sababu ni nini, mwimpresionisti, jicho linaona nini sasa hivi.

Picha ya Courbet ilipotea katika vita, mwaka wa 1945. Leo inabaki paka katika fotografi. Lakini wavunja mawe wako bado, na mimi ninapita tena njia ile, na wenzangu wanamsalimia mama.

Maswali ya kujijaribu:
a) Realizimu na naturalizimu zinaachana wapi? Toa mfano mmoja mmoja.
b) Kwa nini ukubwa wa picha ya Courbet uliwachukiza watu?
c) Mwangalie mfanyakazi mmoja wa kwenu. Andika mistari kumi: vyombo vyake, saa zake, bei yake. Usimsifu, usimlilie. Leteni kazi hizo kwangu kwa toleo lijalo.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho